UZI: Wakala wa akili mnemba akinunua kwa niaba yako, ushahidi wa ruhusa yako uko wapi?

#1 Mleta uzi

Wanajukwaa, habari za wakati huu.

Nimeuleta uzi huu kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu mawakala wa akili mnemba wanaonunua vitu mtandaoni huishia kwenye kustaajabia teknolojia, ilhali jambo lenye uzito kuliko yote, yaani ruhusa, huachwa pembeni. Kazi yangu ni kutunza mfumo wa duka la mtandaoni, na kilichonisukuma kuandika ni agizo moja lililotuumiza kichwa kwa wiki nzima.

Mteja alimwagiza wakala wake amnunulie jozi moja ya viatu vya kukimbilia. Wakala alifungua ukurasa wetu kama anavyoufungua mtu yeyote, akaisoma skrini, akachagua namba 42, akabonyeza kitufe cha kulipa. Seva yetu ilichelewa kujibu kwa sekunde chache, na kwa kuwa hakuona mabadiliko yoyote kwenye skrini, wakala akabonyeza tena. Zikaingia oda mbili, kadi ikakatwa mara mbili, na jozi mbili zikafungwa na kusafirishwa. Mteja alipolalamika kwenye benki yake alisema kweli: hakuagiza jozi mbili. Nasi tulipotakiwa kujieleza tulisema kweli: tulipokea maombi mawili yaliyokamilika, yote yakiwa na taarifa sahihi za kadi. Watengenezaji wa wakala huyo hawakuwa na kumbukumbu yoyote ambayo benki ingeweza kuipokea kama ushahidi. Katika kumbukumbu za seva yetu, wakala alionekana kuwa kivinjari cha kawaida, bila dalili hata moja kwamba aliyebonyeza hakuwa binadamu.

Tulimrudishia mteja fedha zake, naye akarudisha jozi ya pili. Swali halikuisha, hata hivyo. Nani alimruhusu wakala, alimruhusu kufanya nini hasa, na hati ya ruhusa hiyo inashikwa na nani? Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila itifaki inayotangazwa, yaani kanuni za pamoja ambazo programu hutumia kuwasiliana, kwa kuiuliza swali hilo hilo, na ninayoyaandika hapa ni matokeo ya usomaji huo.

Mwezi Novemba 2024 kampuni ya akili mnemba ya Anthropic ilitoa itifaki ya Model Context Protocol, kwa kifupi MCP. Kabla yake, kila aliyetaka kuunganisha modeli ya lugha, yaani programu ya akili mnemba inayosoma na kuandika, na mfumo fulani alilazimika kujenga daraja lake mwenyewe. MCP ilileta namna moja ya kuiuliza seva ina zana gani, na namna moja ya kuziita zana hizo kwa ujumbe wa muundo mmoja uitwao JSON-RPC 2.0. Google ikafuata mwezi Aprili 2025 na itifaki ya A2A, inayowawezesha mawakala kuzungumza wao kwa wao, na miezi miwili baadaye ikaikabidhi kwa Linux Foundation, taasisi inayosimamia programu huria. MCP nayo ilikabidhiwa mwezi Desemba 2025 kwa Agentic AI Foundation, iliyo chini ya Linux Foundation hiyo hiyo. Hizi mbili ni njia za kuzungumza, na nazithamini, lakini hazijibu swali langu. MCP inategemea OAuth, kiwango cha kutoa ruhusa bila kutoa nenosiri, katika kuruhusu programu kuingia kwenye akaunti ya mtu, na ruhusa ya kuingia ni kitu tofauti kabisa na ruhusa ya kununua jozi moja, ya namba fulani, kwa bei isiyozidi kikomo fulani, kabla ya siku fulani. Ukimpa mtu ufunguo wa nyumba, hujampa idhini ya kuuza samani.

Itifaki ya kwanza kuligusa duka moja kwa moja, kwa jinsi ninavyoliona suala hili, ni Agentic Commerce Protocol, au ACP, iliyotangazwa na OpenAI, wenye ChatGPT, pamoja na kampuni ya malipo ya Stripe tarehe 29 Septemba 2025 chini ya leseni huria ya Apache 2.0. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu undani wake ndio unaofundisha. Wakala hagusi ukurasa wala kitufe. Anatuma ombi la kufungua kipindi cha ununuzi, akitaja bidhaa na idadi yake. Seva ya muuzaji inajibu kwa kutoa hali yote ya kikapu: kila bidhaa, kodi, gharama za usafirishaji, jumla, na njia za kufikishiwa mzigo. Wakala akibadilisha chochote, hata anwani tu, seva inakokotoa upya na kurudisha tena kikapu kizima. Kwa hiyo hesabu haifanywi na modeli ya lugha hata mara moja. Inafanywa na muuzaji, na fedha huandikwa kwa namba kamili za kipande kidogo zaidi cha sarafu ili desimali zisizue mgogoro. Kipindi chenyewe hubeba hadhi inayoeleweka na pande zote: hakijawa tayari kulipiwa, kipo tayari, kimekamilika, au kimefutwa.

Malipo yanapofika, wakala haoni namba ya kadi. Anakabidhi tokeni, yaani alama ya siri inayosimama badala ya kadi, iliyofungwa kwa muuzaji mmoja, kwa kiasi kisichopita kikomo, na kwa muda maalumu. Tokeni hiyo ikiibwa, mwizi hawezi kuitumia kwenye duka jingine. Muuzaji anabaki kuwa ndiye mwenye mauzo: anaweza kuikubali oda au kuikataa, ndiye anayesafirisha, na ndiye anayerudisha fedha panapotokea tatizo.

Kuna kitu kingine ndani ya itifaki hii ambacho msomaji wa haraka anaweza kukipita. Ombi linaweza kubeba ufunguo wa kutorudiwa, yaani alama ya pekee ambayo wakala huiambatanisha na tendo moja. Ombi lile lile likifika mara ya pili likiwa na alama ile ile, seva hairudii tendo, bali inarudisha jibu la mwanzo. Nilipoufikia mstari huo kwenye maelezo ya itifaki nilikumbuka ile jozi ya pili ya viatu. Kama tungekuwa na utaratibu huo, mbonyezo wa pili usingeleta oda ya pili.

Hata hivyo, ACP inathibitisha zaidi upande wa malipo kuliko upande wa nia. Tokeni inasema mlipaji amekubali kiasi hiki kiende kwa muuzaji huyu. Haisemi mlipaji aliomba nini kwa maneno yake. Pengo hilo ndilo ambalo Agent Payments Protocol, yaani AP2, iliyotangazwa na Google tarehe 16 Septemba 2025 ikiwa na washirika zaidi ya 60, imelenga kuliziba. AP2, kama ilivyotangazwa wakati huo, inatumia hati za idhini zenye saini ya kidijitali. Ya kwanza ni hati ya nia, ambapo mtu anaeleza anachotaka na mipaka yake, hasa pale atakapokuwa hayupo wakati ununuzi unafanyika. Ya pili ni hati ya kikapu: muuzaji anakisaini kikapu kamili na bei yake, kisha mnunuzi anakiidhinisha kwa ufunguo wake. Ya tatu ni hati ya malipo, inayoupa mtandao wa kadi na benki taarifa kwamba wakala amehusika, na kama mwenye fedha alikuwepo au hakuwepo.

Zikitazamwa kwa pamoja, hati hizo zinafanya kazi ambayo karatasi zimefanya katika biashara kwa miaka mingi: aliyeagiza anasaini, anayeuza anasaini, na anayelipa anaona saini zote mbili. Mzozo ukitokea, hakuna haja ya kubishana juu ya nani alibonyeza kitufe gani. Kinachoangaliwa ni kama kikapu kilichosainiwa kinalingana na nia iliyosainiwa.

Mwezi Januari 2026 ikaongezeka Universal Commerce Protocol, au UCP, iliyotangazwa na Google ikishirikiana na Shopify, jukwaa la maduka ya mtandaoni, na wauzaji wakubwa, ambayo inaliwezesha duka kutangaza uwezo wake kwenye faili moja lililo mahali panapojulikana ndani ya tovuti yake. Ipo pia itifaki ya x402 ya Coinbase, kampuni ya sarafu za kidijitali, ya Mei 2025, inayofaa zaidi pale programu inapolipa kiasi kidogo sana kwa ajili ya data au huduma. Inatumia namba 402 ya HTTP, itifaki ya mawasiliano ya wavuti, namba iliyotengwa tangu miaka ya 1990 kwa maana ya kwamba malipo yanahitajika, na ambayo kwa miaka yote hiyo ilibaki bila kupewa matumizi rasmi.

Msimamo wangu ni kwamba kiwango kisichoacha ushahidi wa ruhusa mikononi mwa mnunuzi na muuzaji, wote wawili, hakistahili kuitwa kiwango cha biashara, hata kama kimeandikwa kwa ustadi kiasi gani. Karibuni tujadili.

#2 Mjenga Tovuti

Mleta uzi, nakushukuru kwa maelezo marefu na yenye mpangilio, lakini sijashawishika kwamba tunahitaji milango mipya. Wavuti ulijengwa ili ukurasa mmoja usomwe na kila mtu kwa kifaa chochote. CERN, kituo cha utafiti cha Ulaya ulikozaliwa wavuti, kilipouachia umma teknolojia hiyo bila malipo tarehe 30 Aprili 1993, hakuna aliyeambiwa atengeneze ukurasa mmoja wa watu na mwingine wa mashine. Ikiwa wakala anaweza kusoma kitufe kilichoandikwa vizuri, kile kile ambacho kisomaji skrini cha mtu asiyeona hukitegemea, kwa nini nimjengee njia ya pili ambayo nitalazimika kuitunza, kuijaribu na kuilinda?

Pia kuna suala la haki. Mwezi Novemba 2025 Amazon iliishtaki Perplexity, kampuni ya akili mnemba, mahakamani kuhusu kivinjari chake cha Comet, ikidai kwamba wakala wake alikuwa akinunua bila kujitambulisha kuwa wakala. Perplexity ilijibu kwamba wakala anafanya kazi kwa niaba ya mtumiaji na anapaswa kuwa na haki zile zile za mtumiaji huyo. Binafsi naona hoja ya Perplexity ina nguvu. Nikimtuma mdogo wangu dukani, mwenye duka hana haki ya kumzuia eti kwa sababu fedha ni zangu. Nahofia kwamba viwango hivi vitageuka kisingizio cha kumwambia mtumiaji kuwa wakala asiyepitia mlango tulioukubali sisi haruhusiwi kuingia.

#3 Mleta uzi

Ndugu Mjenga Tovuti, hofu yako ya mwisho naishiriki kikamilifu, na nitairudia. Kwanza nijibu hoja ya kwamba ukurasa wa kawaida unatosha.

Ukurasa uliotengenezwa kwa ajili ya macho hubeba maana nyingi ambazo hazijaandikwa popote. Kitufe kikififia, mtu anaelewa asubiri. Gurudumu dogo likizunguka, anajua ombi lake limepokelewa. Bei iliyokatwa kwa mstari ameizoea tangu zamani. Wakala anayesoma skrini anakisia yote hayo, na mara nyingi anakisia vizuri, lakini siku akikosea hakuna mahali palipoandikwa kwamba alikosea. Katika kisa chetu, kitufe chetu kilikuwa kimefifia baada ya mbonyezo wa kwanza. Nililithibitisha hilo mwenyewe kwa kurudia hatua zile zile. Rangi ilibadilika kutoka bluu iliyokolea hadi bluu hafifu, na hakukuwa na maandishi yoyote yaliyosema kwamba malipo yanachakatwa. Jicho la mtu lingelitambua badiliko hilo. Wakala hakulitambua, nasi hatukuwa na namna ya kumwambia.

Kwa hiyo nakubaliana nawe kwamba kitufe kilichoandikwa vizuri kingesaidia, na kosa hilo lilikuwa letu. Hata pendekezo la WebMCP, linaloendelezwa ndani ya W3C, shirika la viwango vya wavuti, na wahandisi wa Microsoft na Google, linaelekea upande wako: ukurasa ule ule wa watu unakitangazia kivinjari zana zake, kwa mfano zana ya kutafuta au ya kuongeza bidhaa kikapuni, ili wakala aite zana badala ya kukisia kitufe. Njia hiyo haihitaji duka la pili. Lakini hata zana ikiitwa kwa usahihi kabisa, bado itahitajika hati inayoonyesha kwamba mwenye fedha aliidhinisha kikapu hiki na si kingine. Kusoma ukurasa vizuri ni jambo moja, kuthibitisha idhini ni jambo la pili, na la kwanza halimalizi la pili.

Kuhusu mfano wa mdogo wako, naukubali, ila tuufikishe mwisho. Ukimtuma dukani na kadi yako, akanunua kitu ambacho hukumtuma, mtazungumza nyumbani na kuyamaliza. Mwenye duka hataburutwa ndani ya mazungumzo hayo. Wakala wa programu anaweza kutumwa na maelfu ya watu kwa wakati mmoja, na kosa moja la tafsiri likarudiwa kwenye oda zote hizo kabla hajatokea mtu wa kulibaini. Ndiyo maana natamani idhini iandikwe.

#4 Mlinzi wa Seva

Naomba niongezee upande wa usalama, kwa sababu ndiko ninakofanyia kazi, na naona maswali mawili tofauti yanachanganywa. Swali la kwanza ni huyu ni nani. Swali la pili ni ameruhusiwa nini.

Kwa swali la kwanza, kwa muda mrefu tumetegemea maneno ambayo programu huyaandika kuhusu yenyewe kwenye kichwa cha ombi, na maneno hayo yeyote anaweza kuyaandika. Tumetegemea pia anwani za IP, ambazo hubadilika na hutumiwa na wengi kwa pamoja. Njia bora zaidi ni saini. Tangu Februari 2024 upo waraka wa RFC 9421, mmoja wa nyaraka za viwango vya intaneti, unaoeleza namna ya kusaini ujumbe wa HTTP, na juu yake kundi la IETF, shirika linaloandika viwango hivyo, linaandika Web Bot Auth, utaratibu wa roboti za wavuti kujitambulisha. Wakala anasaini ombi kwa ufunguo wake wa siri, anataja mahali ulipo ufunguo wake wa umma, na seva inahakiki. Mwezi Oktoba 2025 Visa ilitangaza Trusted Agent Protocol iliyojengwa juu ya msingi huo, na ndani yake wakala anayetazama bidhaa tu hutofautishwa na wakala aliyekuja kulipa. Kwa mlinzi wa seva tofauti hiyo ni kubwa sana, kwa kuwa yule wa kwanza ninaweza kumruhusu bila masharti mengi.

Kwa swali la pili, hatari inayoninyima usingizi ni maagizo yanayopenyezwa ndani ya maudhui. Modeli ya lugha husoma maelezo ya bidhaa na maagizo ya mtumiaji wake kama maandishi ya aina moja. Muuzaji mwenye nia mbaya anaweza kuficha sentensi ndani ya maelezo ya bidhaa, kwa herufi ambazo binadamu hazioni, inayomwambia wakala kwamba mteja amebadilisha mawazo na sasa anataka toleo la bei ya juu. Tangu hatari hii ilipopewa jina mwaka 2022 hadi leo haijapatikana dawa kamili ndani ya modeli zenyewe. Ndiyo maana naunga mkono hati ya nia ya AP2. Haimzuii wakala kudanganywa, lakini inaweka kikomo nje ya akili ya wakala, mahali ambapo maneno matamu hayafiki. Wakala aliyedanganywa akileta kikapu kinachovuka mipaka iliyosainiwa, hesabu ya kawaida, isiyo na modeli yoyote ndani yake, inatosha kukikataa.

#5 Karani wa Malipo

Wanajukwaa, nimekuwa kwenye shughuli za malipo kwa muda mrefu kiasi cha kukumbuka kwamba jambo hili lilishajaribiwa. Mwaka 1996 Visa na Mastercard zilitangaza kiwango kilichoitwa SET. Kilikuwa na vyeti vya kidijitali kwa mnunuzi na kwa muuzaji, na kilikuwa na saini ya pande mbili iliyounganisha oda na malipo kwa namna ambayo muuzaji hakuiona kadi na benki haikuiona oda. Kwa hesabu za usimbaji, yaani ufundi wa kuficha na kusaini taarifa, kilikuwa kizuri mno. Kwa matumizi kilishindwa, kwa sababu kilimtaka mnunuzi asakinishe programu maalumu na atunze cheti, na muuzaji aingie gharama kubwa za kuunganisha mfumo. Watu wakachagua fomu ya kawaida ya kadi juu ya muunganisho uliosimbwa, wakaendelea na maisha yao.

Nikisoma maelezo ya AP2 naona ndugu wa damu wa SET. Ndiyo maana naomba mleta uzi atueleze ni kitu gani kimebadilika, na anieleze pia kama saini ya mnunuzi inathibitisha kwamba ameelewa alichokisaini. Nimeshuhudia watu wengi wakiidhinisha ujumbe wa benki kwenye simu bila kuusoma.

#6 Mleta uzi

Ndugu Karani, nakushukuru kwa kuikumbusha SET, kwa sababu ni funzo ambalo waandishi wengi wa itifaki mpya hawalitaji.

Naona mambo mawili yamebadilika kweli. La kwanza ni kifaa. Mwaka 1996 ufunguo wa siri ulikuwa faili kwenye kompyuta, faili ambalo mtu alilazimika kulitunza mwenyewe na kulihamisha kila aliponunua mashine mpya. Leo simu nyingi zina sehemu ya maunzi inayohifadhi funguo na kusaini baada ya alama ya kidole au uso, na watu wamezoea tendo hilo kila siku. Kikwazo cha cheti kimepungua sana. La pili ni mhitaji. SET ilitatua tatizo ambalo mnunuzi hakulihisi, kwa kuwa alikuwa ameketi mwenyewe mbele ya fomu. Sasa mnunuzi hayupo mbele ya fomu, na kutokuwepo kwake kunawafanya benki na muuzaji, wote wawili, watake ushahidi ambao zamani hawakuuhitaji.

Kwa swali lako la pili, jibu la kweli ni hapana. Saini inathibitisha kwamba ufunguo fulani ulisaini maandishi fulani, basi. Hati ya nia ikiandikwa kwa lugha ya mashine na kuonyeshwa kwa mtu kama mstari mmoja wenye kitufe cha kukubali, tutakuwa tumehamishia lawama kwa mnunuzi huku tukiiita idhini. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye udhaifu mkubwa kuliko pote, na hapatibiki kwa usimbaji. Panahitaji hati iwe fupi, iwe kwa lugha ya mnunuzi, itaje kiasi cha juu, idadi, muda wa mwisho na masharti ya kurudisha, na nakala yake ibaki kwake mahali anapoweza kuifungua bila kumwomba mtengenezaji wa wakala.

Sasa nirudi kwenye hofu ya ndugu Mjenga Tovuti, maana inahusu neno huria lenyewe. Leseni ya Apache inakupa haki ya kusoma, kunakili na kutekeleza. Haikupi haki ya kuonekana. ACP ilipotangazwa, duka liliweza kuitekeleza kikamilifu na bado likahitaji kuomba na kukubaliwa ndipo bidhaa zake zinunuliwe ndani ya ChatGPT. Maandishi ya itifaki ni huria, mlango wa jukwaa una mwenyewe. Sisemi ni dhambi, kwa sababu jukwaa lina wajibu wa kuwachuja matapeli, lakini tusiviite vitu hivyo viwili kwa jina moja. Linganisheni na robots.txt, iliyopendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994. Ni faili moja la maandishi linaloziambia roboti za wavuti kurasa zipi zisizisome. Hakuna aliyeomba kibali cha mtu yeyote ili kuliweka kwenye tovuti yake, na lilitumika duniani kote kwa miaka 28 kabla ya kuandikwa rasmi kuwa RFC 9309 mwezi Septemba 2022. Waraka huo wenyewe unakiri kwamba kanuni zake si aina ya idhini ya kuingia, bali ni ombi ambalo roboti huombwa kuliheshimu. Tulipata uhuria kamili bila nguvu ya kuthibitisha. Sasa tunaletewa nguvu ya kuthibitisha, nami sitaki tuilipie kwa kuupoteza uhuria ule.

Vivyo hivyo kwa saini za mawakala alizozieleza ndugu Mlinzi wa Seva. Saini ni njema mradi mtu binafsi aliyejitengenezea wakala wake nyumbani aweze kuchapisha ufunguo wake wa umma na kuhakikiwa kama kampuni kubwa. Siku seva zitakapoanza kukubali funguo za orodha moja tu inayotunzwa na kampuni chache, Mjenga Tovuti atakuwa amesema kweli.

#7 Duka Dogo

Nimesoma uzi wote kwa makini. Mimi nina duka la mtandaoni nililojengewa na fundi, sina wahandisi. Itifaki zimekuwa nyingi, na siwezi kuzifuata zote. Naomba kuelekezwa: nianze na lipi ambalo halitapotea bure hata kama itifaki mojawapo itakufa?

#8 Mleta uzi

Ndugu Duka Dogo, swali lako ndilo lililopaswa kuulizwa mapema. Kwa hali yako, usikimbilie itifaki yoyote mwezi huu.

Anza na data ya bidhaa zako. Msamiati wa Schema.org, wa kueleza yaliyomo kwenye ukurasa kwa namna inayosomwa na mashine, umekuwepo tangu 2011, na itifaki yoyote itakayoshinda itahitaji mambo yale yale: jina la bidhaa, kitambulisho kisichobadilika, bei, sarafu, kama ipo stoo au imekwisha, na masharti ya kurudisha. Mwombe fundi wako ahakikishe kwamba bei iliyo kwenye data hiyo inatoka kwenye chanzo kimoja na bei inayoonekana kwenye ukurasa. Nimeona maduka ambayo ukurasa unasema bidhaa imekwisha huku data iliyofichwa nyuma yake ikisema ipo. Binadamu huamini ukurasa, wakala huamini data, na mzozo huanzia hapo.

Kisha mwombe fundi aweke ufunguo wa kutorudiwa kwenye hatua yako ya kulipia, hata kwa wateja binadamu. Ukurasa wa kulipia unapofunguliwa, seva itoe alama ya pekee. Fomu iitume alama hiyo pamoja na malipo. Na seva ikatae kutengeneza oda ya pili kwa alama iliyokwisha kutumika. Kampuni nyingi za malipo tayari zinaukubali ufunguo wa namna hiyo kwa upande wao, kwa hiyo kazi kubwa ni kuupitisha tu. Na kitufe kikishabonyezwa, kiandike kwa maneno kwamba malipo yanachakatwa, kisiishie kubadilika rangi.

Jambo la tatu ni kumbukumbu. Kwa kila oda hifadhi kikapu kama kilivyokuwa wakati wa kulipwa, pamoja na bei, kodi, gharama ya usafirishaji, muda, na maandishi ya masharti yaliyokuwa yakionyeshwa siku hiyo. Usihifadhi kiungo cha ukurasa wa masharti, kwa kuwa ukurasa huo utabadilika. Siku utakapoanza kupokea hati zenye saini, utaziambatanisha na kumbukumbu hiyo hiyo.

Itifaki yenyewe isubirie jukwaa la duka lako au kampuni yako ya malipo. Wakikuletea, waulize kabla ya kuwasha: nikiondoka kwenu, hati za idhini za wateja wangu ninaondoka nazo, na zinaweza kuhakikiwa bila seva yenu? Wakishindwa kujibu hilo kwa maandishi, endelea kusubiri.

Kwa upande wetu, tumeshafunga ufunguo wa kutorudiwa kwenye duka letu, na nimeujaribu kwa kutuma ombi lile lile mara kumi mfululizo: imeingia oda moja, na majibu tisa yaliyobaki yamerudi na namba ile ile ya oda. Sasa ninajenga sehemu ya kuhakiki hati ya kikapu. Ikikamilika nitaweka hapa ombi zima na jibu lake, ili ndugu Mlinzi wa Seva alikague na Karani wa Malipo aniambie kama benki ingelipokea.